Sherehe ya Watoto Kapsokwony: Shilingi Elfu Moja Inanunua Nini?

Karatasi ya mchango huja imekunjwa katikati ya daftari la kazi ya nyumbani, wiki tatu hivi kabla ya shule kufungwa. Imeandikwa kwa Kiingereza cha ofisini, inamshukuru mzazi kwa ushirikiano wake, kisha inataja kiasi: shilingi 1,000 kwa kila mtoto. Haisemi zitanunua nini. Mzazi aliyetoka kuuza gunia la vitunguu kwa dalali huitazama, huigeuza kuona kama nyuma pameandikwa kitu, halafu hulipa, maana mtoto ameshaambiwa darasani kwamba kutakuwa na keki.

Akademi (shule za binafsi) za Kapsokwony, kwenye Mlima Elgon, na vijiji vinavyoizunguka zina mazoea ya sherehe hizi mwishoni mwa mwaka: watoto wa PP2, darasa la mwisho la awali, wanavishwa gauni na kofia, wa darasa la kwanza na la pili wanakariri mashairi kwa Kiingereza, wageni wanakaa chini ya tenti, kunaliwa, kunapigwa picha. Kwa kawaida kamati huundwa na wazazi watano au sita, na yeyote aliyewahi kuketi kwenye kamati hiyo anajua kwamba fedha haziishii kwenye tumbo la mtoto wala kwenye mchezo wake. Nusu ya sherehe ni ya watoto. Nusu ya pili ni tangazo la shule kwa wazazi wa mwaka ujao. Mimi sina ugomvi na tangazo, biashara ni biashara, ila anayetangaziwa hapaswi kulipia bango. Hesabu zifuatazo nimezifanya nikiwa na jambo hilo akilini.

Tuchukue watoto 60. Bei ni zile ambazo mnunuzi wa kawaida huulizwa siku hizi katika maduka na masoko ya Kapsokwony na Kimilili, nikizisawazisha kidogo ili hesabu isikuumize kichwa. Ukienda sokoni msimu ambao vitunguu vimeadimika, ongeza.

Chakula ndicho kinachokula fedha, basi tuanze hapo. Mpishi wa sherehe anayekuja na sufuria zake, sahani zake na vijana waliovaa aproni hutoza kati ya shilingi 250 na 350 kwa sahani. Kwa 300, watoto 60 ni shilingi 18,000. Sahani hiyo ni ya mtu mzima: wali, chapati, nyama, kuku, kabeji, kipande cha tikitimaji. Mtoto wa miaka mitano atakula chapati na kuku, atauchokoa wali, na kabeji itarudi jikoni kama ilivyokwenda. Ukiwa huna njia ila kumwita mpishi huyo, mwambie mapema kwamba walaji ni watoto, na mpatane bei ya nusu sahani. Wengi wao hukubali. Wasiokubali hutegemea kwamba hakuna mtu kwenye kamati mwenye muda wa kubishana.

Pilau ya kupika wenyewe ni habari nyingine. Gramu 100 za mchele mkavu zinamtosha mtoto, kwa hiyo kilo sita. Kwa shilingi 180 kilo, ni 1,080. Nyama ya ng'ombe kilo nne kwa 600 ni 2,400. Mafuta, vitunguu, nyanya, kitunguu saumu, bizari ya pilau na kuni, weka 850. Jumla ni kama 4,300, yaani shilingi 72 kwa mtoto. Mlipe mama anayejua kupikia sufuria kubwa 1,500, maana pilau ya watu 60 si ya kujifunzia, na bado uko chini ya shilingi 100 kwa kila mdomo. Mchele ununue wa aina moja na kwa mara moja. Ukichanganya wa dukani na uliobaki nyumbani kwa mwenyekiti, nusu itaiva na nusu itabaki na kiini.

Kuna wanaosema chapati na ndengu ni nafuu zaidi, nao wanasema kweli. Pakiti ya unga ya kilo mbili hutoa chapati ishirini na ushee. Pakiti tatu, mafuta lita moja, ndengu kilo nne, na hesabu haifiki shilingi 2,000. Chapati vilevile ni chakula cha sikukuu katika nyumba nyingi za huku, kwa hiyo hakuna mtoto atakayeona amepunjwa. Tatizo ni mikono. Chapati 65 za kusukuma na kugeuza ni asubuhi nzima ya wanawake watatu, na wanawake hao watatu ni walewale wazazi waliokuja kumwona mtoto akikariri shairi. Ukizinunua zimeshaiva kwa shilingi 20 kila moja ni 1,300, ndengu unaipika wewe, na kila mtu anakaa kwenye kiti. Hiyo naiona njia nzuri kuliko pilau kwa shule ndogo isiyo na jiko la maana.

Mandazi nayo ina somo lake. Kila kamati huwa na mtu anayesema tukaange wenyewe tuokoe. Pakiti ya unga ya kilo mbili ni kama 170, sukari robo 40, mafuta yatakayonyonywa 90, hamira na makaa 60: jumla 360 kwa mandazi kama 55, au shilingi sita na nusu kwa moja. Mama wa kibandani anauza kwa 10. Kwa mandazi 120 utaokoa shilingi 420, na mtu atakuwa ameamka saa kumi usiku kuzitafuta. Mnunulieni mama wa kibandani. Atazileta zikiwa moto na ataongeza tano za bure.

Viazi ni vya mlima huu, na watoto wote wanapenda chipsi, ndiyo maana kila mwaka mtu huzipendekeza. Karai moja haiwezi kulisha watoto 60 kwa wakati mmoja. Wa kwanza anakula moto, wa mwisho anakula zilizopoa na kulowa mafuta. Achana nazo.

Keki hupimwa kwa kilo. Fundi wa keki wa Kitale au wa mjini Bungoma huuza kilo moja kati ya 1,200 na 2,000, kutegemea amepamba kwa krimu au kwa fondanti. Ukiwakatia watoto vipande vya ukubwa wa kiberiti, kilo moja inatosha ishirini, kwa hiyo unahitaji kilo tatu: kama 4,500. Halafu ipande mlima. Keki ya krimu iliyopakatwa kwenye Probox kutoka Kitale, ikapita Kiminini na Kamukuywa, ikabadilishiwa gari Kimilili na kupanda hadi Kapsokwony, hufika ikiwa imeegemea upande mmoja na jina la shule limefutika herufi mbili. Fondanti huvumilia safari vizuri zaidi, ila ni ghali, na watoto wengi huimenya na kuiacha kando ya sahani.

Keki kwenye sherehe ya shule hufanya kazi mbili, nazo zinatenganishwa kwa urahisi. Ya kwanza ni picha: mkurugenzi, mtoto mmoja na kisu chenye utepe. Ya pili ni utamu mdomoni. Kwa picha, agiza keki ya kilo moja tu kwa mama anayeoka hapa karibu, shilingi 1,300 hivi. Kwa utamu, nunua zile keki ndogo za kikombe cha karatasi zinazouzwa kwenye kila duka la mkate, shilingi 20 kila moja, 60 kwa 1,200. Jumla 2,500 badala ya 4,500 na nauli juu. Faida kubwa si hata ile 2,000. Ni kwamba kila mtoto anapewa chake kizima, hakuna anayelia kwamba cha mwenzake kina ua la krimu, na hakuna mwalimu anayesimama dakika arobaini akikata vipande huku watoto wakimsukuma kiwiko.

Kinywaji nitakipita haraka. Soda ya chupa ya kioo ya mililita 300 ni kama 45, kwa hiyo 2,700, na chupa zilizopotea unazilipia. Chupa za plastiki za lita mbili zikimiminwa kwenye vikombe hushusha gharama hadi kama 26 kwa mtoto, vikombe vikiwemo. Chai ya maziwa lita 12, nusu yake maziwa ya jirani kwa 60 lita, sukari kilo moja na majani, ni chini ya 600: shilingi kumi kwa kila mtoto. Mwishoni mwa Oktoba, mawingu yanaposhuka kutoka mlimani baada ya saa nane mchana, sijaona mtoto aliyekataa kikombe cha chai moto kwa kuitaka soda baridi. Kabla ya saa nane sitoi ahadi. Vikombe na sahani watoto waje navyo kutoka nyumbani, jina limeandikwa kwa kalamu ya rangi chini yake. Hapo umeokoa karibu 900 za vyombo vya kutupa.

Sasa baunsi, lile jumba la hewa la kurukia. Hakuna kitu kinachouza akademi kama baunsi kwenye karatasi ya mwaliko. Kulikodi kutoka Kitale au Bungoma kwa siku ni kati ya 5,000 na 8,000, na ukiongeza pikipiki au pikapu ya kulipandisha, mhudumu wake na chakula chake, hesabu inafika 10,000. Linajazwa kwa kipulizi cha umeme ambacho hakizimwi muda wote watoto wakiwa ndani. Umeme ukikatika, linalala juu yao taratibu kama chandarua. Kwa hiyo unahitaji jenereta ya akiba na mafuta yake. Linahitaji pia uwanja tambarare wa kupigilia kamba zake, na shule nyingi za huku zimejengwa kwenye mteremko. Mvua ikinyesha, linateleza na lazima lishushwe.

Tuseme yote yameenda sawa. Jumba la kawaida hubeba watoto kumi kwa usalama. Zamu ya dakika kumi kwa watoto 60 ni saa nzima kila mmoja akiingia mara moja. Kwa saa mbili za mchezo kila mtoto anapata zamu mbili, yaani dakika ishirini, na saa moja na dakika arobaini za kusimama kwenye foleni akiwaangalia wengine. Gawanya 10,000 kwa zamu 120: shilingi 83 kila zamu. Hiyo ni zaidi ya sahani yake ya pilau, ukiacha ujira wa mpishi.

Hapa natoka kidogo nje ya mlima. Huko Japani kuna maelfu ya shule binafsi za mazungumzo ya Kiingereza, zinaitwa eikaiwa, na nyingi huwaandalia watoto sherehe mbili kwa mwaka, ya Halloween mwishoni mwa Oktoba na ya Krismasi mwezi Desemba, ingawa wengi wa watoto hao si Wakristo. Ni sherehe za Kiingereza kuliko za dini. Wapangaji ni walimu wenyewe, baadhi yao vijana kutoka ng'ambo, na mapambo hununuliwa kwenye maduka ya bei moja kama Daiso, ambako bidhaa nyingi ni yeni 100, na 110 ukihesabu kodi tangu ilipofika asilimia 10 mwezi Oktoba 2019. Taifa lenye uwezo wote ule linapamba sherehe za watoto kwa karatasi za kukata na gundi. Hata mila zao za Krismasi kuna zilizotokana na biashara: kula kuku wa KFC siku hiyo kulienea baada ya kampeni ya kampuni hiyo ya mwaka 1974, na sasa watu huweka oda wiki kadhaa mapema. Kwa hiyo tusijione sisi peke yetu ndio tunaouziwa sherehe.

Lakini nilichotaka kukileta kutoka huko ni mchezo wa siku za michezo za shule zao, tamaire. Mlingoti unasimamishwa, juu yake kikapu. Timu inazunguka chini na mipira midogo ya kitambaa, filimbi inalia, na kila mtu anarusha kwa pamoja mpaka filimbi ya pili. Kisha mipira iliyoingia inatolewa mmoja mmoja, inarushwa juu, na uwanja mzima unahesabu kwa sauti. Watoto 60 wote wanacheza kwa wakati mmoja. Hakuna foleni. Na kwa akademi inayotaka wazazi wasikie Kiingereza, hesabu ya kutoka moja hadi arobaini inayopigwa kelele na shule nzima inatosha, tena bibi aliyeketi mbele hahitaji mkalimani kujua timu ya mjukuu wake inashinda.

Gharama? Vikapu viwili 300, vijiti viwili vya mkaratusi bure, vitambaa vya masalio kutoka kwa fundi cherehani, ndani yake mahindi au mchanga kidogo. Ongeza kamba ya mita ishirini ya kuvutana kwa 500, magunia kumi makuukuu ya mbio kwa 50 kila moja, na penseli za zawadi za 200. Jumla 1,500, na vifaa vinabaki shuleni mwaka ujao. Michezo ya blada na kati watoto wanaijua bila kufundishwa. Baluni punguza, hasa kwa wadogo: ikipasuka, kipande cha mpira kikiingia kooni ni hatari kuliko peremende.

Baada ya hapo yanakuja yale ninayoyaita ya tangazo. Tenti ya watu 100 ni kama 4,000 pamoja na kuipandisha, viti 100 vya plastiki kwa 15 ni 1,500. MC mwenye vyombo vyake vya sauti ni 5,000. Bango la kuchapishwa lenye picha ya mkurugenzi sijaliweka hata kwenye hesabu. Madarasa yapo, viti vya kanisa huazimwa kwa sadaka ya 500, na mwalimu wa PP2 ana sauti inayovuka uwanja bila spika. Shule ikitaka tenti, vyombo na MC wa kuchanganya Kiingereza na vichekesho, ni haki yake, iviandike kwenye bajeti yake ya matangazo. Mzazi kwenye kamati anaweza kulisema hilo kwa adabu na likaeleweka. Nimeona wakurugenzi wakikubali haraka kuliko nilivyotarajia, pengine kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaambia.

Suala la lugha linaingia humohumo. Mwongozo wa serikali ni kwamba watoto wa awali na wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na Kiingereza kishike kuanzia darasa la nne. Akademi huanza na Kiingereza tangu mtoto hajajua kufunga kamba za viatu, na ndicho mzazi anacholipia. Sawa. Ila ratiba ya saa nne yote kwa Kiingereza, mbele ya mababu na mabibi wanaozungumza Kisabaot na Kibukusu, ni ratiba ya watu wanaopiga makofi wakiona wengine wamepiga. Wimbo mmoja wa Kisabaot na mmoja wa Kiswahili haugharimu hata shilingi.

Gauni na kofia za mahafali hukodishwa kwa 200 hadi 500 kwa mtoto kutoka Kitale au Bungoma, na akipoteza kofia unalipa bei ya kununua. Shule yenye watoto 20 wa PP2 kila mwaka, ikikodi kwa 300, inatumia 6,000 kila mwaka kwa kitu ambacho fundi wa hapa angekishona kikadumu miaka mingi, maana mtoto huvaa kwa saa tatu tu. Kitambaa cha bei nafuu na ufundi havifiki 800 kwa gauni moja, kwa hiyo seti ya 20 ni 16,000 na katika mwaka wa tatu imeshajilipa. Ni uamuzi wa shule, wala si wa mzazi mmoja, lakini ni wa kuuleta kwenye mkutano.

Picha ni 50 hadi 100 kwa kila iliyochapishwa, na mpiga picha hukupigia tano kabla hujageuka. Mwambie mapema unataka mbili. Zaidi ya hapo, kuna picha zisizolipiwa ambazo gharama yake ni kubwa zaidi: zile ambazo shule huziweka mitandaoni kujitangaza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha yake ni mojawapo. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Roma School ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Kamati ikitaja kiasi hicho kwenye kikao, fomu ya idhini huandikwa siku hiyohiyo.

Hebu sasa tujumlishe. Sherehe ya kununua kila kitu: mpishi 18,000, keki 4,500, soda 2,700, baunsi 10,000, tenti na viti 5,500, MC 5,000. Ni shilingi 45,700, au 760 na ushee kwa mtoto. Sherehe ya kujipangia: pilau na mpishi wake 5,800, keki za aina mbili 2,500, chai 600, michezo 1,500, viti vya kanisa 500. Ni 10,900, au 180 na kidogo. Gauni na picha nimeziacha nje pande zote mbili.

Mtu atasema: basi 1,000 ilitosha na ikabaki. Haikubaki. Hesabu zote mbili zimesahau watu wazima. Watoto 60 huja na watu 60 kwa uchache: mama, shangazi, babu aliyetoka Kaptama asubuhi. Wakilishwa sahani ya 300 kila mmoja, ni 18,000 nyingine, jumla 63,700, na michango yote ikilipwa ni 60,000. Ndiyo sababu mwenyekiti hurudi siku nne kabla ya sherehe akiomba mzazi "aguswe tena". Kwa mpango wa pili, mandazi mawili na chai kwa kila mgeni ni shilingi 30, jumla 1,800. Mgeni wa Kapsokwony akipewa chai ya maziwa iliyokolea hajadharauliwa. Andikeni kwenye mwaliko kwamba kutakuwa na chai, ili anayetaka kula nyama ale nyumbani kwanza.

Na wasiolipa? Kama mtoto yuko shule ya umma, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inasema malipo yoyote ya ziada yanahitaji idhini ya Waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na hakuna mtoto wa kuzuiliwa kuhudhuria shule kwa sababu hayajalipwa. Akademi iko huru zaidi kupanga bei zake, lakini Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji wa huduma, hata ya mtu binafsi, haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nayo. Tafsiri yake kwenye kikao ni nyepesi: omba karatasi yenye orodha ya vitu na bei, kabla ya kulipa. Na fedha zilipwe kwenye namba ya M-Pesa ya shule, zisipitie simu ya mjumbe wa kamati, hata kama ni mtu wa kanisa. Mchango wa 250 unatosha mpango wa pili, wageni na watoto watano ambao wazazi wao hawatalipa. Mtoto ambaye hakulipiwa apewe keki kama wenzake, na mwalimu asitaje majina.

Ununuzi wenyewe uende wapi? Kitale kuna chaguo nyingi zaidi, na maduka makubwa kama Khetia's, yaliyoanzia huko huko Kitale, yana bei nzuri za jumla kwa mchele, mafuta na sukari. Lakini nauli ya mtu mmoja kwenda na kurudi hufika karibu 500, mizigo inalipiwa mbali, na siku nzima imekwisha. Kwa bajeti ya 10,900, hata ukiokoa asilimia tano ya yote, umeokoa nauli tu. Bungoma hali ni ileile. Kwa watoto 60, Kimilili inatosha. Vitunguu, viazi, maziwa na kabeji vinunuliwe hapa hapa, kwa mzazi wa shule ikiwezekana. Kitale ina maana kwa shule ya watoto 200 au zaidi, au mkienda kama safari badala ya sherehe. Hilo nalo lifikiriwe: Makumbusho ya Kitale yana nyoka, mamba, kobe na njia ya kutembea msituni, kiingilio cha mtoto ni kidogo kuliko nauli yake, na kinachouma ni basi la kukodi pekee. Wakielekea Mbuga ya Mlima Elgon kwa lango la Chorlim, wasibebe maji kwenye chupa za plastiki. Tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku ndani ya hifadhi.

Lililobaki ni tarehe, ambayo kamati nyingi huiamua kwanza bila kuuliza bei. Ijumaa na Jumamosi tenti, viti na sufuria kubwa za Kimilili zote ziko kwenye matanga, na mwenye nazo hana haja ya kupunguza hata shilingi. Agosti ya miaka shufwa ni msimu wa tohara ya Wabukusu: nyama hupanda, kuku hupanda, MC hapatikani. Desemba ni zamu ya Wasabaot. Sherehe ya Jumatano au Alhamisi asubuhi, wiki ya mwisho ya muhula wa tatu, ikianza saa tatu na kumalizika kabla ya saa saba, inapata viti bila ubishi, inamkuta mama wa pilau hana kazi nyingine, na inawarudisha watoto nyumbani kabla ya mvua. Mwenye tenti akikuambia siku ya Jumatano bei ni ileile ya Jumamosi, mshukuru, kisha mpigie anayemfuata.